Jarida la Pande Zote na Sengu ya Matiri

Siku Gerold alipoivuta karatasi ya mwisho ya jarida, mimi nilikuwa nimewapa watu wote mgongo, ndiyo maana sikumwona. Niliona moshi tu ukipita juu ya kitambaa changu cha kichwa, nikadhani ni tumbaku ya siku zote. Na kweli tumbaku ilikuwa ya siku zote. Karatasi ndiyo haikuwa.

Mwanangu, wewe umezoea kusoma umelala chali na simu usoni. Kaa kwanza nikueleze kwa nini mtu asome akiwa ametazama ukuta wa ghala.

Mimi nilizaliwa Mbamba Bay, baba yangu mvuvi, mama yangu Agnesi mwanikaji wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Nikaolewa juu huku Matiri na Batholomeo, babu yako, kwa watu wa kahawa na mahindi, watu ambao wakiliona ziwa wanashika miti. Katika ukoo ule mkwe wa kike hakumtazama baba mkwe wake usoni. Mzee Otmari akija njiani, mimi naingia kwenye nyasi mpaka apite. Akiwa na neno nami, anamwambia mke wake, mama Eufrasia, naye ananiambia mimi, hata kama sote watatu tumesimama pale pale. Ndivyo ilivyokuwa, na hatukuona shida.

Na jioni, kabla jua halijaingia mlimani, kulikuwa na sengu. Ninyi mnalisikia neno hili kwenye mikutano ya maofisa, lakini sengu ya kweli ilikuwa chakula. Kila nyumba ya ukoo inapika, kila nyumba inaleta sahani yake kwa mzee, na watu wote wanakula pamoja, wanaume huku, wanawake na watoto hapa karibu. Aliyevuna vizuri na aliyekosa wanakula sawa. Wakimaliza, mzee anasema ya kusemwa: nani kagombana na mkewe, nani kaacha mbuzi wameingia shamba la mwenzake, nani hajachimba ngolo zake, yale mashimo ya shambani ya kushika maji, na mvua inakuja. Na jambo moja lishike, kwa sababu ndilo lililotuponza: kwenye sengu hakuna mtu aliyeshukuru chakula. Ukimshukuru aliyeleta, umemfanya mgeni. Unakula, unafuta mikono, basi. Kunyamaza kwako ndiyo heshima yenyewe.

Jarida lenyewe liliitwa Pande Zote. Lilichapwa Ulaya, nchi ya baridi, na kwa lugha ya kwao lilikuwa la zamani sana, wazee wa kule walilisoma wakiwa watoto. Jina lake la kule sikuwahi kulitamka likatoka sawa. Halikuwa la dini wala la siasa tu, lilikuwa la kila kitu: namna nyuki wanavyojua njia, namna mkate unavyochachuka, mwanamke anayerusha ndege, mtu aliyekaa jangwani akachimba kisima kwa mikono. Wakubwa wake wakaamua liwafikie na watu wa lugha nyingine. Wakaanza na lugha kubwa kubwa, wakaendelea, na karibu na mwisho wakafika kwenye Kiswahili. Wakatafuta mtu wa kukaa nalo.

Mtu huyo alikuwa kaka yangu, Augustino.

Alikwenda kule kusomea mabomba ya maji. Wakamwomba awasaidie kutafsiri kidogo siku za mapumziko, na maneno yakamla mzima. Mabomba yakaachwa. Aliniandikia mara moja kwamba ofisi yao ni ukumbi mrefu wenye milango, na kila mlango una lugha yake. Huyu anaandika Kihindi, huyu Kiarabu, huyu lugha ambayo hata yeye hakuijua jina, na wote mbele yao wana habari moja na picha moja. Siku ya kuchapa, picha ile inakaa mahali pale pale katika matoleo yote, maneno tu ndiyo yanabadilika. Niliposoma hivyo nilikuwa nimeshika picha ya ng'ombe mwenye manyoya marefu mpaka machoni. Nikawaza, sasa hivi kuna mwanamke mwingine, sijui wapi, anamtazama ng'ombe huyu huyu. Mwili ukanisisimka, mwanangu. Mpaka leo ukinisisimka napajua mahali ulipoanzia.

Matiri lilikuja jarida moja tu. Lilipokelewa na katibu wa chama cha msingi cha kahawa, bwana Ansgar, naye akimaliza picha, maana maneno yalimchosha, alilileta kwenye sengu ya mzee Otmari. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, na kwa ukoo ule wa wakati ule nilikuwa msomi. Wakaniagiza nisome. Lakini ningesomaje mbele ya baba mkwe? Mama Eufrasia akapata dawa: nikae kwenye kigoda, uso kwenye ukuta wa ghala, mgongo kwa watu. Mzee akaridhika. Mimi nasoma Kiswahili polepole, Batholomeo anageuza kwa Kimatengo kwa ajili ya wazee na kina mama. Kaka yangu ameyatoa maneno kwenye lugha ya watu wa baridi, mume wangu anayatoa kwenye ya kaka yangu, na mimi katikati nimetazama udongo wa ghala. Likisomwa lote, linakwenda sengu nyingine, linazunguka mpaka Mpepai, na likirudi limelainika kama kitambaa cha kubebea mtoto.

Mwezi huo habari kubwa ilikuwa ya wavuvi wa barafu. Kuna ziwa kule, wakati wa baridi linaganda. Linaganda kabisa, watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu, wanashusha ndoano. Batholomeo alipolitoa hilo kwa Kimatengo, sengu nzima ikageuka kunitazama mgongo.

"Mnyasa, na lile lenu linaganda?" akauliza mzee Klemensi, ndugu yake mzee Otmari.

Nikasema bila kugeuka kwamba la kwetu halijawahi, na kama lingeganda, watu wa Matiri wangekuwa wamekwisha kuja kupanda mahindi juu yake. Wakacheka. Utani huo waliuruhusu hata kwa mkwe, maana niliuelekeza ukutani.

Nikaendelea. Siku moja, jarida likasema, kipande cha barafu kikameguka kutoka ufukweni na wavuvi wakiwa juu yake, wazee na vijana. Kikaanza kwenda. Kaka yangu aliandika kwamba unene wake ulikuwa kama ukuta wa nyumba ya udongo, na kwamba kila upepo ulipopiga, ukingo ulimomonyoka. Wanawake wao walikuwa ufukweni wanawaona wakiwa wadogo, wadogo zaidi. Hapo nyuma yangu hakuna aliyekohoa. Nikafika mwisho wa ukurasa, nikafunua, nikakuta jalada.

Nikafunua tena. Jalada.

Nikamwambia mama Eufrasia kwamba karatasi haipo. Nilisimuliwa baadaye kwamba watu wakaanza kutazama chini, wakainua mikeka, na Gerold, shemeji yangu mdogo, akaanza kuvitazama vidole vyake. Msokoto ulikuwa umebaki kipande cha kushika kwa kucha.

"Gerold," mzee Otmari akasema. "Umevuta watu."

"Baba, ni karatasi."

"Walikuwa kwenye barafu, wanasubiri. Ukoo mzima hapa unawasubiri. Wewe umewatia moto."

"Angalau wamepata joto, baba."

Hapo, Mungu anisamehe, nilicheka kwenye ukuta mpaka kigoda kikatikisika, na si mimi peke yangu. Lakini mzee hakucheka. Alingoja tukaishiwa kicheko wenyewe. Akasema ungechukua ugali wangu, ningelala njaa mimi peke yangu, nikakusamehe. Umechukua mwisho. Mwisho ulikuwa wa mama yako, wa Klemensi, wa watoto, wa watu wa Mpepai ambao hata hawajauona mwanzo. Ukaona kwa kuwa ni wa wote, basi hauna mwenyewe. Akasema jarida lingine halitasomwa pale mpaka wale wavuvi wajulikane wamefia wapi au wamepona vipi. Kisha akamwambia mama Eufrasia aniambie niende kwetu Mbamba Bay, maana ilijulikana kwamba Augustino humtumia mama yake nakala, na Gerold anibebee mzigo.

Basi tukapanda lori la wachuuzi wa samaki, mimi na mtoto mgongoni, huyo mama yenu Winfrida, na Gerold na gunia la mahindi, tukashuka milima ile mpaka ziwa likatokea. Gerold alikuwa anaulizauliza kama kweli haligandi.

Nilimkuta mama anapaka chokaa kibanda cha Augustino. Nikashangaa. Kibanda kile kilikuwa kimekaa miaka na nyavu mbovu ndani, sasa nyavu zimetolewa, kitanda kimesukwa kamba mpya. Nikamwamkia, akaitikia huku anaimba kidogo kidogo. Mama yangu hakuwa mtu wa kuimba akiwa anafanya kazi. Nikamweleza kilichonileta, akamtazama Gerold kutoka juu mpaka chini, akamuuliza kama mwanawe Augustino ana ladha nzuri akivutwa. Gerold akaomba maji ya kunywa.

Mama alitoa nakala yake kutoka kwenye sanduku. Alikuwa nazo zote, tangu ya kwanza, zimefungwa kwenye kitenge. Hakujua kusoma. Alikuwa anasomewa na katekista Yohana, barazani, akirudi kutoka kanisani. Nikafungua karatasi ya mwisho, nikausoma mwisho wa wavuvi kimya kimya, moyo ukatulia. Nikageuza upande wa pili.

Upande wa pili kulikuwa na tangazo. Wenye jarida walisema kwamba toleo la Kiswahili halipati barua kutoka kwa wasomaji. Matoleo mengine yanaandikiwa, hili limekaa kimya tangu lianze, na hawajui kama kuna watu wanaolisoma. Yeyote anayelisoma aandike aseme hivyo. Barua zisipofika, toleo litafungwa mwisho wa mwaka.

Nikainua macho. Mama alikuwa ananitazama.

"Likifungwa," akasema, "atakaa kule afanye nini?"

Nikaielewa chokaa. Nikaielewa na kamba mpya.

Akaniambia Yohana ameshamsomea, na amemwomba asiandike, na Yohana amekubali kwa sababu ni mtu mwenye mama. Sasa akaniomba na mimi. Nikirudi Matiri niwasomee upande wa wavuvi tu, upande wa pili niuache. Hakunilazimisha. Aliniomba kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Alisema miaka yote hiyo amewaachia Wazungu mtoto wake awafanyie kazi yao, na sasa wenyewe wanamrudisha, yeye akatae kwa nini? Augustino alikuwa kaka yangu pia. Nilitaka kumwona akitokea kwenye meli kuliko kitu chochote. Na wakati huo huo nilikuwa nawasikia watu wa Matiri nyuma ya mgongo wangu, namna walivyoacha kukohoa.

Nikamwomba basi nakala. Akakataa. Hakuna nakala iliyowahi kutoka kwenye kitenge kile. Akasema ataipandisha mwenyewe, atasimama pale nikisoma, atashuka nayo. Isitoshe mjukuu wake alikuwa ameota meno na hajawahi kumtembelea kwake.

Tukapanda wote. Mama wa mkwe anapofika kwa wakwe si jambo dogo, mwanangu. Watu wa Matiri walichinja. Yeye alileta usipa mkavu, akakaa na mama Eufrasia, wakaulizana habari za viungo vyao. Jioni sengu ikajaa kuliko nilivyowahi kuiona, kwa sababu habari ya Gerold ilikuwa imefika mbali, na wengine walitoka Mpepai kuja kujua wale wavuvi wamepatwa na nini. Nikakaa kwenye kigoda changu, uso ukutani. Mama akaniwekea karatasi mkononi kwa mikono miwili.

Nikasoma. Wale wa ufukweni, jarida likasema, hawakuwa na chombo cha kuwafikia. Wakakusanya matairi mabovu, mbao, viti vya nyumbani, wakawasha moto mstari mrefu kandokando ya ziwa, ili wenzao wasipoteze upande watu walipo. Wakauchochea mpaka mikono ikaungua. Kisha upepo ukageuka. Hapo kaka yangu alikuwa ameandika kwamba ukaja mwera. Kule hakuna mwera, upepo wa mwera ni wa ziwa letu, lakini aliandika hivyo, na nyuma yangu nikamsikia mama anavuta pumzi. Upepo ukakisukuma kile kipande taratibu mpaka kikagusa nchi, wakashuka wote. Wa mwisho kushuka alikuwa mzee mmoja aliyekuwa amerudi kuchukua samaki wake.

Batholomeo alipomaliza kugeuza, wazee wakasogeza vigoda karibu. Bibi mmoja wa Mpepai, Osmunda, aliyekuwa hajui Kiswahili hata cha salamu, akauliza wale wanawake waliounguza viti vyao, nani aliwatengenezea vingine. Wakaanza kujadili kama habari ya majirani: huyu anasema mafundi wapo, huyu anasema baridi ile utakata wapi mti. Mzee Klemensi akasema huo mwera ni upepo wa kuaminika. Gerold akasema kwa sauti ndogo kwamba basi hakuwaua. Baba yake akamwambia anyamaze, lakini kwa upole.

Mimi nikaanza kuikunja karatasi. Nilikuwa nimeamua, au nilidhani nimeamua, kwamba jambo lile ni la mama yangu, si langu.

"Geuza," mama akasema nyuma yangu. "Soma na nyuma."

"Mama."

"Soma, Skolastika."

Nikasoma. Sauti yangu haikuwa nzuri. Batholomeo akageuza kwa shida, akarudia mara mbili, kwa sababu watu hawakuelewa. Hawakuelewa kabisa, mwanangu. Wakauliza barua za nini? Wametuletea, tumekula. Kuna mtu amekataa? Kuna mtu amerudisha sahani? Wengine wakaona ni matusi, mtu kukupa kitu kisha akakudai sifa.

Mzee Otmari ndiye aliyelichukua neno hilo polepole, akaligeuzageuza. Akasema wale si watu wa sengu. Hawajui. Kwao mtu akinyamaza ni kwamba hayupo. "Sisi tumekaa kimya kwa heshima," akasema, "na wao huko wanadhani hatukula."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia likifanyika katika ukoo ule. Hakumwambia mama Eufrasia aniambie. Alisema mwenyewe.

"Mkwe. Geuka, uandike."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikabaki vile vile. Mama Eufrasia akanigusa bega, akasema baba yako amesema, utayaandikaje maneno ya watu usiowaona. Nikageuka kigoda na vyote.

Miezi yote ile nilikuwa nimewasoma kwa masikio, huyu anakohoa, yule anaguna. Sikuwa nimewaona wakisikiliza. Nikaona nyuso mpaka kwenye miti ya kahawa: Klemensi, Eufrasia, Osmunda, Winfrida mkubwa ambaye mama yenu alipewa jina lake, Kolumba na mapacha wake, Ansgar katibu aliyekuwa anajifanya amepita tu, Gerold amekaa kwenye jiwe bila tumbaku. Na mzee Otmari, mara ya kwanza kwa macho yangu, mtu mdogo kuliko sauti yake. Wote wananitazama mimi, lakini si mimi waliyekuwa wakimtazama. Walikuwa wanamtazama aliye nyuma ya maneno. Niliona haya na hofu, na kitu kingine ambacho sijakipatia jina, kama pale unapoingia kanisani mchana hakuna mtu na bado unashusha sauti.

Wakaanza kusema, nami nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Hawakusema asante, hawakujua namna. Kila mmoja alisema kilichombakia kichwani. Klemensi alisema nyuki. Osmunda alirudia swali lake la viti. Kolumba alisema yule mwanamke wa ndege, na kwamba binti zake sasa wanarusha majani ya mgomba. Mama Eufrasia, ambaye herufi moja hakuijua, alifumba macho akaitoa habari ya kisima cha jangwani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, toleo ambalo lilikuwa limekwisha kuraruka na kusahauliwa, na majina ya yule mchimbaji na ngamia wake yakiwemo. Mimi niliyeisoma nilikuwa nimeisahau. Mzee Otmari akasema niandike kwamba kwetu chakula hakishukuriwi, kinaliwa, na kwamba wao wameliwa vizuri.

Mwisho mama yangu akainuka. Akanyoosha kitenge. Akasema niandike hivi, na nimeyashika neno kwa neno: "Mimi ni mama wa huyo anayewaandikia Kiswahili. Nilikuwa nataka arudi, nimeshamtandikia. Leo nimemwona anakofanya kazi, kumbe ni hapa. Kaeni naye. Mwambieni avae nguo nzito."

Alishuka kesho yake na nakala yake kwenye kitenge. Kibanda aliacha kimepakwa chokaa vile vile, akawa anaanikia humo usipa mvua ikinyesha.

Barua yetu ilipofika, Augustino alipewa aisome huku akiitafsiri mbele ya wakubwa wake wote kwenye ukumbi ule wa milango. Aliniandikia baadaye kwamba alisoma vizuri mpaka nguo nzito. Hapo mwenzake wa mlango wa Kihindi ikabidi amshikie karatasi, na kwa kuwa mwenzake hakujua Kiswahili, watu wakasubiri mpaka Augustino apate sauti. Toleo halikufungwa. Barua ile ikachapwa katika lugha zote, mahali pale pale kwenye ukurasa. Na siku moja bwana Ansgar akaja anakimbia na bahasha. Mwanamke wa lile ziwa la barafu ametuandikia, yeye mwenyewe, mmoja wa waliochoma viti. Alimwandikia bibi Osmunda wa Mpepai. Alisema alikaa sakafuni mpaka majira ya joto, kisha mume wake akatengeneza vingine, na vinayumba. Osmunda aliisikiliza mara nyingi. Alizikwa nayo.

Jarida liliishi miaka mingine mingi, nikazaa, nikawa nasoma nimegeukia watu. Mzee Otmari akafa, Klemensi akafa. Kisha nchi ile ikapata mageuzi yake, watawala wapya wakasema lugha za mbali zina gharama, na milango ya ukumbi ule ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kiswahili hakikupata hata tangazo. Mwezi ulipita, mwingine ukapita, katibu akawa anatuonyesha mikono mitupu.

Augustino alishuka kwenye meli pale Mbamba Bay akiwa na mvi mpaka nyusi. Tulikuwa tumesimama ufukweni, mimi na Yohana katekista na Gerold, ambaye kwa wakati huo alikuwa mtu mzima na hakuwahi tena kuvuta. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu ilikuwa imegoma. Kaka akapiga magoti mchangani, akasema shikamoo mama. Mama akaitikia marahaba. Akamshika kichwa kama mtu anayeangalia joto la mtoto. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Kisha akamuuliza kwenye mkoba kuna nini.

Kulikuwa na toleo ambalo halikuchapwa. Alikuwa amelimaliza kulitafsiri lote, habari kwa habari, wiki ile mlango wake ulipofungwa. Karatasi zake tu, zimeandikwa kwa mkono, bila picha. Alisema hajui kwa nini amezibeba, hazina tena pa kwenda.

"Nimekusikia kwa mdomo wa Yohana," mama akamwambia, "na nimekusikia kwa mdomo wa dada yako. Sasa kaa hapa unisomee mwenyewe."

Akakaa mchangani akasoma. Watu waliokuwa wakishusha mizigo ya meli walipunguza kelele, kisha wakaacha mizigo. Toleo lile halipo mahali popote duniani, mwanangu, hata wenyewe walioliandika hawakulisikia kwa Kiswahili. Tulilisikia sisi, wachuuzi wa usipa na makuli wa Mbamba Bay. Mama alisikiliza mpaka karatasi ya mwisho. Kaka alipomaliza, mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimshukuru mtoto wake, akasema, "Asante, baba. Kimefika."

Sasa nisikie. Kila siku kuna vitu vinakufikia kutoka kwa watu usiowaona: aliyekuandikia kitabu, mwalimu aliyekufundisha ukahama, shangazi anayekutumia ujumbe asubuhi nawe unausoma ukautia mfukoni. Unapokea, unafurahi, unanyamaza, na moyoni unajua umeheshimu. Yeye hajui. Yuko upande wa pili wa maji anahesabu kimya chako, na siku moja atafunga mlango akidhani hapakuwa na mtu. Usisubiri mpaka atangaze kwamba anafunga. Mwambie kimefika. Mwambie na kile kilichobaki kwako, kama nyuki wa Klemensi, maana hicho ndicho anachotaka kujua. Na kikiwa ni cha watu wengi, wasomee kwa sauti, na usiuvute mwisho wao.

Mungu akupe neno jema linalotoka mbali, na akupe watu wa kulisikia pamoja nawe. Wewe nawe ukituma lako, lisipotee majini, upepo wa mwera ulisukume mpaka liguse nchi, na awepo mtu wa kukuambia limefika. Nenda salama, mwanangu.